Maswali ya Wasomaji: Shule Mbili za Serikali, Mtoto Mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa viazi na mahindi katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Binti yangu wa pili amehitimu darasa la saba na amechaguliwa kujiunga na sekondari ya kutwa ya kata yetu, iliyo umbali wa kilomita nne hivi kutoka nyumbani. Kaka yangu anasisitiza nimhamishe mapema, nimpeleke sekondari nyingine ya Serikali iliyo kilomita kama ishirini na mbili, karibu na barabara kuu, kwa kuwa ni ya zamani, ina hosteli, na kila mwaka inatoa Daraja la Kwanza wengi kuliko yetu. Nimeyaona matokeo kwenye simu ya jirani na ni kweli wanatuzidi. Lakini moyo unasita. Mtoto ana miaka kumi na minne, hosteli yenyewe siijui, na kila ninayemwuliza ananijibu kwa kutaja jina la shule tu. Nizilinganisheje shule hizi mbili kwa haki?
Mama wa watoto watatu, Kilolo

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa binti kufaulu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu umetenganisha mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya: matokeo ya shule, na maisha atakayoishi mtoto akiwa mwanafunzi wa shule hiyo. Nitaanza na matokeo kwa kuwa ndiyo kaka yako ameyashikilia, ingawa nakwambia mapema kwamba hayo mengine yana uzito zaidi kwa mtoto wa umri wa binti yako.

Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kila shule ina ukurasa wake wenye namba inayoanza na herufi S, na katika ukurasa huo kuna jedwali dogo linaloonyesha ni wangapi katika mtihani wa kidato cha nne wamepata Daraja la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne na wangapi wamepata sifuri. Wasichana wana mstari wao, wavulana wana wao, kisha unafuata mstari wa jumla. Watu wengi husoma jumla tu, tena safu ya Daraja la Kwanza peke yake, wakafunga simu. Wewe anza na mstari wa wasichana, kwa sababu zipo shule za mchanganyiko ambazo sifa yake nzuri imebebwa na wavulana, huku mabinti wengi wa darasa lilelile wakiishia kwenye Daraja la Nne na sifuri. Ukurasa umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe kijana aliyemaliza kidato cha nne akae nawe nusu saa.

Hatua ya pili ni kuacha kuhesabu vichwa na kutazama uwiano. Shule yenye watahiniwa mia moja na hamsini lazima itoe Daraja la Kwanza wengi kuliko yenye watahiniwa sitini hata kama ufundishaji wake ni uleule. Hilo kaka yako atalikubali bila ubishi. Jambo ambalo karibu hakuna anayelitazama ni la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, waliofanya mtihani ni wangapi kati ya wale walioingia kidato cha kwanza miaka minne kabla?

Nitatumia hesabu za mfano, zisizo za shule yoyote. Tuseme shule ndogo ilipokea wanafunzi 80, wakafika mtihani wa kidato cha nne 70, na kati yao 21 wakapata Daraja la Kwanza hadi la Tatu, ambayo ndiyo madaraja yanayofungua njia ya kidato cha tano. Shule kubwa ilipokea 200, wakafika mtihani 120, na 42 wakapata madaraja hayo. Ukigawanya kwa waliofanya mtihani, shule kubwa ina asilimia 35 na ndogo ina asilimia 30, na jirani yako atasema kubwa ni bora. Ukigawanya kwa walioingia kidato cha kwanza, yaani kwa watoto waliokuwa mahali alipo binti yako leo, shule ndogo ina asilimia 26 na kubwa ina asilimia 21. Kwa wale waliopotea njiani hakuna sifuri iliyoandikwa popote, na shule inaonekana nzuri kwa sababu hawakuwepo kuiharibia hesabu.

Huhitaji kumwomba mtu siri ili uyapate haya. Watoto waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, kwa mfano, ndio waliofanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili mwaka 2022, na matokeo ya mwaka huo nayo yapo kwenye tovuti ileile. Linganisha idadi hizo mbili kwa kila shule. Idadi ya walioingia kidato cha kwanza utaipata kwa mkuu wa shule au kwa mjumbe wa bodi, na si jambo la kificho. Ukikuta pengo kubwa, uliza kwa upole lilitokana na nini, maana sababu hazifanani. Wapo waliohama na wazazi wao. Wapo waliokariri kidato cha pili baada ya kutofikia kiwango cha ufaulu, na hao watatokea kwenye orodha ya mwaka unaofuata. Lakini wapo pia walioacha kwa utoro, kwa ujauzito, au kwa kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini, jambo ambalo nyinyi wa Iringa mnalifahamu kwa uchungu kuliko ninavyoweza kulieleza. Mkuu wa shule anayeweza kukueleza kila aliyekosekana alikwenda wapi, huyo anawajua wanafunzi wake, na hiyo ni alama nzuri hata kama idadi yenyewe haipendezi.

Kisha shuka mpaka chini ya ukurasa, kwenye jedwali la masomo, uone ni wangapi walifanya kila somo na wangapi walifaulu. Daraja hutokana na masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Daraja la Kwanza linaanzia pointi 7 hadi 17, na Daraja la Nne ni pana sana, kutoka 26 hadi 33, kiasi kwamba mwenye D mbili na F tano amo, na aliyekosa Daraja la Tatu kwa pointi moja naye amo. Ndiyo maana neno «amefaulu» halitoshi. Tazama Hisabati, somo linaloangusha wengi nchini kote, na utazame Kiingereza. Utazame pia ni wangapi walifanya Fizikia na Kemia. Ukikuta darasa zima lina watahiniwa saba tu wa Fizikia, yaelekea shule haina mwalimu wa somo hilo, au alifika kidato cha tatu kikiwa kimekwisha kuchagua masomo mengine. Mtoto anaweza kupata Daraja la Tatu zuri kwa Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia, nami nayaheshimu masomo hayo yote, ila ikiwa binti yako anataka uuguzi, mlango huo utakuwa umeshafungwa kabla hajajua kwamba upo.

Baada ya hapo weka simu chini, uende kwenye madaftari. Hili nimelifanya miaka mingi nikiwa mwalimu wa Hisabati, na halijanidanganya. Tafuta kijijini kwenu mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya kata, na umtafute mwingine wa ile shule ya mbali akirudi likizo, uwaombe daftari la Hisabati na la Kiingereza. Usisome kilichoandikwa, soma tarehe. Somo la Hisabati hufundishwa karibu kila siku ya juma, hivyo ukikuta tarehe zinaruka wiki mbili, kisha wiki tatu, utajua hakuna aliyeingia darasani, iwe shule ina jengo la ghorofa au la mabati. Tazama pia wino mwekundu. Daftari lisilosahihishwa tangu Machi linakueleza idadi ya wanafunzi darasani na moyo wa mwalimu kwa pamoja. Maabara nazo ziingie ndani mwenyewe, kwa sababu katika kampeni ya kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014 na 2015, kuta zilisimama sehemu nyingi huku vifaa na walimu vikichelewa, na chumba chenye maandishi ya maabara mlangoni huweza kuwa stoo ya madawati.

Sasa tuje kwenye hosteli, maana hapo ndipo moyo wako uliposita, na ulisita kwa haki. Neno hilo linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna bweni la shule lenye matroni anayeishi hapo, uzio, maji na chakula cha siku saba. Kuna hosteli iliyojengwa kwa nguvu za wananchi, ambapo mabinti hulala pamoja lakini chakula cha Jumamosi na Jumapili hujitegemea, na mlezi ni mwalimu mwenye familia yake nyumba ya tatu kutoka hapo. Na kuna geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, ambako watoto wawili au watatu wa kidato cha kwanza hupika, hufua na hulala bila mtu mzima, na ambako wazazi wengi wa vijijini huishia nafasi za hosteli zikijaa. Kaka yako amesema shule ina hosteli. Je, amesema ina nafasi kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyehamia? Shule nyingi hutanguliza kidato cha nne na cha pili, walio na mitihani. Usipopata jibu la wazi kutoka kwa mkuu wa shule mwenyewe, hesabu kwamba unampeleka mtoto wa miaka kumi na minne geto, karibu na barabara kuu, kilomita ishirini na mbili kutoka macho yako. Nimeona mabinti wenye akili wakiharibikiwa mageto, na kosa halikuwa lao. Mtoto asiye na mafuta ya taa, sabuni wala unga siku ya Alhamisi, na ambaye hana wa kumweleza, hukubali msaada wa yeyote anayeutoa.

Ikiwa ni bweni la kweli, hukumu yangu inabadilika. Nenda ukaone ni watoto wangapi wanalala chumba kimoja, mlango unafungwa kutoka wapi, choo kiko umbali gani usiku, na matroni ana miaka mingapi kazini hapo. Uliza nani hutoa ruhusa ya mtoto kutoka, na kwa maandishi gani.

Wala usidhani kilomita nne za kwenu ni kitu kidogo. Ni karibu saa nzima ya kutembea kwa mtoto, kwenda na vivyo hivyo kurudi, katika ukungu na baridi ya Juni na Julai na utelezi wa masika, ilhali masomo huanza asubuhi mapema. Angalia kama wapo wenzake wa njia moja, angalia kama njia inapita msituni au kwenye makazi, na mweleze waziwazi habari ya lifti za bodaboda. Halafu uliza kama shule ya kata inatoa chakula cha mchana. Mtoto aliyekunywa uji saa kumi na moja alfajiri na kushinda bila kitu mpaka saa kumi jioni hasomi vipindi vya mchana, anahudhuria tu. Shule ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage, na makubaliano hayo yanatekelezwa, kwangu mimi imeizidi shule yenye historia ndefu ambayo wa kutwa wake wanashinda na njaa.

Gharama nitazipita haraka. Tangu Januari 2016 hakuna ada kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Kinachobaki ni sare, madaftari, chakula, na kwa shule ya mbali nauli, godoro, na malipo ya hosteli au kodi ya chumba. Piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya mwezi wa Januari, maana Januari unakuwa na fedha za viazi.

Nikiunganisha uliyonieleza, ningemwanzisha shule ya kata. Kidato cha kwanza ndicho mwaka mgumu kuliko yote kwa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba na sasa anasikia kila somo kwa Kiingereza, na mwaka huo anahitaji kulala kwao, ale kwao, na awe na mtu wa kumwuliza leo umejifunza nini. Mpe mwaka huo, ukikagua madaftari kila Ijumaa. Ukiona tarehe zinaruka, nenda shuleni kwanza, pamoja na wazazi wenzako, kabla ya kufikiria kuhama. Ikifika mwisho wa mwaka na Hisabati au sayansi bado haina mwalimu, hapo uhamisho una maana, na utakuwa umepata muda wa kuhakikisha nafasi ya bweni. Uhamisho huanza kwa barua yako kwa mkuu wa shule anayotoka, ukapata uthibitisho wa nafasi kutoka shule inayompokea, kisha ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri ikaidhinisha. Usimhamishe mtoto kwanza na karatasi baadaye, kwa sababu kumbukumbu zake za usajili ndizo zitakazotumika kwenye upimaji wa kidato cha pili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mjumbe wa bodi ya sekondari ya kata wilayani Mbulu. Tangu Baraza la Mitihani liache kutangaza shule kumi bora, wazazi wetu wanasema hawana tena kipimo, nasi bodi hatuna cha kuwaonyesha. Tufanyeje?
Mjumbe wa bodi, Mbulu

JIBU: Ndugu mjumbe, orodha ile ilisitishwa Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalipotangazwa, nami sikuihuzunikia. Nafasi za juu zilikuwa za shule binafsi na seminari kwa sehemu kubwa, zinazochagua wanafunzi kwa usaili na kuwalaza bwenini. Shule inayompokea kila mtoto wa kata, awe amefaulu kwa shida au kwa urahisi, haikuwa kwenye mashindano hayo hata siku moja, na mzazi wa Mbulu aliyeisoma orodha hiyo alijifunza tu kudharau shule ya mwanawe na kuiita Kayumba, jina la kejeli la shule za Serikali.

Wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari unaanza mwaka 2004, watoto wengi wa vijijini waliofaulu darasa la saba walikosa nafasi kwa kuwa shule zenyewe hazikuwepo. Shule za kata ziliwapa nafasi kwanza; ubora ndio tunaoudai sasa, na unadaiwa kwa kipimo kinachofanana na kazi yenyewe. Chukueni karatasi moja, andikeni matokeo ya kidato cha pili ya kundi moja la watoto, na pembeni yake matokeo ya kidato cha nne ya kundi lilelile miaka miwili baadaye. Fanyeni hivyo kwa makundi matatu yanayofuatana, muwatenge wasichana na wavulana, na mwongeze idadi ya walioacha shule. Kisha ombeni kumbukumbu kama hizo kwa bodi ya shule jirani inayofanana na yenu kwa umbali, kwa mahudhurio na kwa idadi ya walimu. Mkiona jirani amewainua watoto wa Hisabati nanyi mmewashusha, mpelekeni mwalimu wenu wa Hisabati akakae huko wiki moja. Bandikeni karatasi hiyo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, pamoja na pengo la walimu kwa kila somo. Msiandike jumla ya walimu, kwa sababu shule yenye walimu kumi na wanane wa sanaa na mmoja wa sayansi huonekana imetosheka kwenye taarifa, na hivyo mwalimu mpya hupelekwa kwingine.

SWALI: Kijiji chetu kimepata sekondari mpya, majengo mazuri, ila haijawahi kutoa kidato cha nne. Naogopa kumpeleka mwanangu akawe wa majaribio. Nitailinganisha na nini?
Mzazi, Uvinza

JIBU: Hofu yako naielewa, ndugu mzazi. Shule mpya zinafunguliwa sasa katika kata nyingi, nyingine zikiwa zimejengwa kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari unaojulikana kama SEQUIP, na kwa miaka minne ya kwanza hazina ukurasa wa kidato cha nne wa kusoma. Uliza mkuu wa shule alitoka shule gani, kisha fungua matokeo ya shule hiyo kwa miaka aliyokuwepo yeye. Uliza walimu waliopo leo wanaishi wapi, kwa sababu mwalimu anayelala kilomita thelathini na kuja kwa pikipiki hafiki siku za mvua, na nyumba za walimu ni kati ya vitu vinavyochelewa kujengwa shule mpya inapofunguliwa. Uliza shule imesajiliwa kwa mkondo wa elimu ya jumla au wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, maana mtaala ulioboreshwa una mikondo yote miwili, na mzazi anapaswa kujua mwanawe anaingia upi. Kundi la kwanza likishafanya upimaji wa kidato cha pili, utakuwa na namba zako za kwanza. Mpaka wakati huo unayo madaftari.